Sketi za Shamba la Chini

Mashine ya kuvunia beri ilipofika shambani, Daktari, mwenye shamba, aliwaita wafanyakazi wote waje kuipigia makofi. Wakapiga, makofi ni bure. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba ya Bi Mkasi na pana kuliko tamaa ya aliyeiuza. Ilisimama juu ya magurudumu manne yaliyopanuka kushoto na kulia, ili mstari mzima wa vichaka upite katikati yake kama watoto wanaopita chini ya meza. Tumboni mwake kulijaa fimbo nyembamba za kutikisa vichaka mpaka viachie beri. Chini ya fimbo kulikuwa na safu mbili za vibao vya plastiki vilivyopandana kama magamba ya samaki. Vilifunguka kidogo kupisha shina la kichaka, kisha springi zikavirudisha kujifunga, ili beri zinazoanguka zidakwe na kumiminiwa kwenye mkanda, nao mkanda uzipeleke kwenye kreti. Watu wakaviita magamba, jina likashika.

Muuzaji alisema mashine ile ina nguvu za wachumaji sitini. Hakuongopa. Alisahau tu kutaja kwamba ingemwaga kama wachumaji mia moja waliolewa.

Kwa kila beri mia zilizoiva, ishirini na nne zilikuwa zinaishia chini. Magurudumu yakazisaga, udongo ukageuka zambarau, na ndege wa eneo lile wakanenepa mpaka wakaacha kuruka. Walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka mstari hadi mstari, polepole, kama wajumbe wanaotoka kwenye chakula cha mchana cha mkutano.

Daktari mwenyewe hakuwa daktari wa mimea. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, akanunua shamba kwa sababu alisikia kwamba beri hazipigi kelele. Miaka thelathini na miwili ya kuchungulia vinywa vya watu ilikuwa imemfundisha tiba moja, na aliiamini kuliko alivyomwamini mke wake. Basi Jumatatu asubuhi aliwakusanya watu kwenye chumba cha kupakia, chumba kirefu chenye meza ya bati katikati, mizani ya chini karibu na mlango, na harufu ya beri zilizochacha ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda.

"Nimeamua," alisema. "Shamba la chini ling'olewe."

Bi Mkasi alikuwa ameegemea rundo la kreti. Aliacha kuegemea.

Shamba la chini lilikuwa na mistari ishirini na minne, na mistari yote ishirini na minne ilikuwa imepita mikononi mwake kwa miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapogoaji. Alikijua kila kichaka kama mtu anavyowajua wakwe zake: kipi kinanuna kikichelewa kupogolewa, kipi kinazaa kwa kujionyesha, kipi kinajitia ugonjwa. Kumwambia lile shamba linang'olewa ilikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba ukoo wake umefutwa kwenye daftari, samahani kwa usumbufu.

"Kosa la vichaka ni lipi?" aliuliza.

Daktari akamgeukia Mtaalamu, aliyesimama pembeni yake. Mtaalamu alikuwa kijana aliyekodishwa kutoka mjini, shati jeupe, buti ambazo hadi siku hiyo zilikuwa zimeliona shamba kwenye picha tu. Alikohoa kwanza, maana maneno yake hayakuwa yanatoka bila kufunguliwa mlango.

"Vichaka hivi vina umbile lisilo rafiki kwa mfumo wa kimakanika wa uvunaji. Upotevu tunaoushuhudia ni matokeo ya kimuundo."

"Sema kwa Kiswahili."

"Hicho ni Kiswahili, mama."

"Basi sema kwa kile cha watu."

"Vimezeeka. Vimepanuka. Beri zinaanguka."

"Hata wewe umepanuka kiunoni, mbona hujang'olewa?"

Chumba kilivunjika mbavu. Mtaalamu aliitazama karatasi yake kama vile jibu lilikuwa limeandikwa humo. Lililoandikwa humo lilikuwa jina la kampuni ya binamu yake, aliyekuwa anauza miche mipya, myembamba, iliyosimama wima kama askari wa gwaride. Bahati iliyoje kwa Daktari kumpata mtaalamu mwenye ndugu wengi na wenye faida namna hiyo.

Daktari hakucheka. Aliinua mkono kama aliyeshika koleo. "Nitawapa hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mstari mmoja, turubai chini, tunapima kilichoanguka na kilichoingia kwenye kreti. Zikianguka zaidi ya kumi na tano kwa kila mia, Jumatatu trekta inaingia kung'oa. Zikiwa chini ya hapo, vichaka vinabaki."

Akaondoka. Mgonjwa aliyefuata alikuwa pampu ya maji.

*

Bi Mkasi hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia tatizo ni nani. Alikuwa analijua kwa sura na kwa jina la ndoa. Dereva wa mashine alikuwa mume wa mdogo wake, na kwake yeye aliitwa Shemeji tu, ingawa shamba zima lilimwita Dereva. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia kila Bi Mkasi alipotokea, hata akiwa juu ya kiti cha mashine inayotembea.

"Shemeji!" alimpigia kelele mchana ule ule, mikono kiunoni, mashine ikinguruma. "Hivi wewe unavuna au unakimbizwa na nyuki?"

Shemeji alivua kofia. "Nipunguze mwendo?"

"Uongeze adabu, na mwendo upungue humo humo."

Akapunguza. Mashine ikatambaa mpaka kobe mmoja aliyekuwa anakatiza shambani akaipita na hakugeuka nyuma. Wakapima. Ishirini na tatu kwa mia.

Jumanne Mtaalamu akaja na wazo lake. Aliona kwamba magamba ni magumu na beri zinadunda zikianguka juu yake, kwa hiyo akaagiza yafunikwe sifongo. Kusema kweli wazo halikuwa baya. Beri inayoangukia kitu kigumu huvilia kama shavu lililopigwa kofi, hata ikifika kwenye kreti. Ila sifongo lililopatikana lilikuwa la godoro. Godoro likanywa maji ya beri kuanzia mstari wa kwanza, kufikia mstari wa tatu likavimba, magamba yakashindwa kujifunga, na wa nne ukamwaga theluthi nzima. Mtaalamu akaandika kwenye karatasi yake kwamba jaribio limetoa takwimu muhimu.

"Takwimu gani?" aliuliza Bi Mkasi.

"Kwamba haifanyi kazi."

"Kumbe usomi ni huo? Mimi nimekuwa natoa takwimu miaka yote, nikidhani nakosea."

Lakini alipokwenda nyumbani kwa mdogo wake jioni ile, mdomo wake ulikuwa umechoka, na hilo kwake lilikuwa dalili mbaya. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye mkeka, ametandaza nguo zilizokauka, anakunja. Shemeji, alipomwona mgeni anaingia, alisalimia kwa heshima zote, akakumbuka ghafla kwamba kuna tairi la baiskeli linalohitaji upepo, akatoka nje.

"Mumeo ananikwepa," alisema Bi Mkasi.

"Mume wangu anakuogopa. Kukwepa ni njia tu."

"Vichaka vyangu vinang'olewa kwa sababu ya mikono yake, halafu anakwenda kujaza upepo."

Mdogo wake alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Dada, umewahi kulala chini ya ile mashine ukaangalia kinachotokea?"

"Nilale chini? Mimi?"

"Yeye amelala. Mara tatu."

"Akaona nini?"

"Hataki kuniambia. Anasema akiniambia mimi nitakuambia wewe, na ukiambiwa wewe yeye atahama nyumba." Aliweka shati juu ya rundo. "Mwezi mzima watu wanamwita Mwaga-Beri, anameza tu. Mimi ningekuwa wewe ningekwenda kuona mwenyewe. Mimi siyo wewe, kwa hiyo nakunja nguo."

*

Jumatano asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye majani, Bi Mkasi alifika kwenye mstari wa tisa akiwa amevaa suruali ya marehemu baba yake na kitambaa kichwani. Shemeji alikuwa juu ya kiti. Akavua kofia.

"Pandisha mashine juu ya kichaka hiki, kisha usimame," alisema Bi Mkasi. "Nataka kuingia chini."

"Shemeji, hii mashine haijui dada mkubwa wala mdogo. Ikikukanyaga—"

"Ikinikanyaga utafurahi. Simamisha."

Mashine ikapanda juu ya mstari, ikatulia. Bi Mkasi akatambaa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, akalala chali, akatazama juu.

Hapa lazima lisemwe neno juu ya sketi, maana bila sketi hakuna kisa.

Zamani, kabla ya Daktari na mashine yake, beri za shamba lile zilichumwa kwa mkono. Wachumaji walikuja na vigoda, wakakaa watano au sita kuzunguka kichaka kimoja kama wageni waliozunguka sinia, kila mmoja akachuma upande wake huku wakisengenya. Kichaka kizuri kwa kazi hiyo kilikuwa kile chenye mashina mengi yaliyotawanyika chini, kipana kwenye kitako, kwa sababu upana ulileta nafasi ya vigoda, na hakuna aliyelazimika kunyoosha mkono kupita pua ya mwenzake. Wapogoaji wakauita upana ule sketi. Wakashindana. Kila mwaka kazi ya kupogoa ilipokwisha, mwenye shamba wa wakati ule alipita na kamba kupima, na mwenye sketi pana kuliko zote alizawadiwa mkasi mpya. Bi Mkasi alikuwa na mikasi sita. Ilining'inia kwenye ukuta wa sebule yake, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kwa sababu ya mikasi hiyo.

Kisha wachumaji wakapata kazi za kiwandani, wakaondoka na vigoda vyao. Mashine ikaagizwa. Na katika shamba zima, pamoja na Daktari, Mtaalamu, muuzaji na kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia mbili, hakuna aliyekumbuka kuuarifu mkasi. Bi Mkasi aliendelea kufuma sketi. Mwaka huu alizipanua zaidi, ili Daktari, mgeni wa kazi, aone jinsi anavyojua.

Sasa alikuwa amelala chini ya mojawapo, ile ya kichaka cha nne kwenye mstari wa tisa, iliyompa mkasi wa sita. Mashina yake yalikuwa yametawanyika vizuri ajabu, kila moja mahali pake. Na mashina hayo yote kwa pamoja yalikuwa yameyasukuma magamba ya mashine huku na huku, yakayashikilia wazi kama mlango ulioegemewa na ndugu sita wanaoagana. Kati ya gamba na gamba paka angepita na mkia ukiwa juu.

"Tikisa," alisema, sauti ikiwa imepungua.

"Ukiwa hapo chini?"

"Tikisa, nimesema!"

Fimbo zikatikisika. Beri kama mia mbili zikammiminikia usoni, shingoni, na sehemu nyingine ambazo heshima hairuhusu kutajwa. Chache zilifika kwenye mkanda, na hizo bila shaka zilipotea njia.

Alijifuta beri machoni. Kisha akasema, "Nipeleke mwisho wa mstari. Kwenye Kilema."

Kilema kilikuwa kichaka cha mwisho kabisa, karibu na mtaro. Miaka miwili iliyopita kiliugua, akakikata mashina ya nje yote ili kisife, kikabaki na mashina machache yaliyobanana katikati, chembamba chini na kipana juu, kama shada la maua kwenye chupa. Alikuwa anakionea aibu. Wageni wakija kutembelea shamba aliwageuza kabla ya kukifikia.

Mashine ikapanda juu ya Kilema. Bi Mkasi akaingia chini tena. Magamba yalikuwa yamekizunguka kitako chake na kujifunga, kama viganja viwili vilivyoshika kikombe.

"Tikisa."

Akafumba macho akingoja. Zilianguka tatu. Moja ilikuwa mbichi.

Akatambaa akatoka, uso wote zambarau, majani kwenye kitambaa. Shemeji alikuwa ameshazima mashine na kushuka, kofia mkononi, anaizungusha kama usukani.

"Ulijua," alisema Bi Mkasi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili ya nini?"

"Ya mashine, shemeji."

"Mwezi mzima! Watu wanakuita Mwaga-Beri, mimi wa kwanza wao, na wewe unavua kofia! Kwa nini hukusema?"

Shemeji alitazama magurudumu. "Nikuambie nini? 'Shikamoo shemeji, zile sketi zako za zawadi ndizo zinazomwaga'? Siku ile fundi bomba alipokuambia kichaka kimoja kimejipinda, umemnunia miaka minne. Na yule hajaoa kwenu."

Bi Mkasi alichomoa jani kwenye kitambaa chake.

"Umri wako mkubwa," Shemeji aliendelea, akipata ujasiri kidogo kidogo kama mtu anayeingia maji ya baridi, "na wewe ndiye uliyenipokea siku ya mahari, ukanitetea kwa wajomba. Nikaona bora waniite mwagaji. Nilidhani labda utaona mwenyewe."

"Na nisingeona? Vingeng'olewa vyote!"

"Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama."

Basi beri ishirini na nne katika kila mia zilikuwa zimemwagwa na heshima. Mtaalamu hakuwa na safu ya jambo hilo kwenye karatasi yake.

*

Alhamisi walianza kukata mstari wa tisa. Bi Mkasi mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Wapogoaji wenzake walidhani amechanganyikiwa. Angeweza kuchagua mstari wowote, hata ule wa ishirini, ambao kila mtu alijua uliharibiwa na mbuzi. Yeye akasema Daktari akishaona mstari wa tisa, wenye sketi pana kuliko yote, hatakuwa na pa kukimbilia.

Alitoka nyumbani na sahani ya bati aliyokuwa anaitumia kila siku. Aliishika kama kipimo chini kwenye kitako cha kichaka, akasema, "Kinachosimama nje ya sahani, kinaondoka." Kwanza walichuma kwa mkono beri zilizokuwa kwenye mashina ya nje, ili zisipotee bure, wakaziweka kwenye kreti za pembeni. Kisha mkasi ukaingia. Matawi yaliyolala chini ya kimo cha magamba nayo yakaondoka, kwa sababu beri iliyo chini ya mdakaji haiwezi kudakwa hata mdakaji awe malaika.

Alipofika kichaka cha nne alisimama kidogo. Sketi ile ilimchukua miaka tisa. Akaiweka sahani chini, akapiga moyo konde, akakata kuanzia nje kuja ndani, shina baada ya shina. Hakulia. Jasho tu liliamua kutokea machoni siku ile.

Mtaalamu alipita saa nane mchana, mwavuli mkononi. "Mama! Mnaharibu mimea! Huu si msimu wa kupogoa!"

"Mimea ambayo umeiandikia trekta Jumatatu?"

"Hiyo ni kwa utaratibu."

"Basi hii nayo ni kwa utaratibu. Sogea, umesimama kwenye kivuli cha kichaka, na wewe huzai."

Shemeji aliyekuwa anakusanya mashina yaliyokatwa alicheka, kisha akajikuta amecheka mbele ya Bi Mkasi, akaziba mdomo.

"Toa mkono," alisema Bi Mkasi. "Na kama una jambo jingine umelificha kuhusu mashine hii, litoe leo, maana kesho hakuna nafasi."

Shemeji akamtazama kuona kama ni mtego. "Fimbo zinatikisa kwa nguvu mno. Zinaangusha hata mbichi. Nikizipunguza, zilizoiva zinatoka, mbichi zinabaki kungoja zamu yao. Na tuvune asubuhi, beri zikiwa bado za baridi. Jua likizipiga zinalegea, zinavilia hata zikidakwa vizuri."

"Hayo nayo uliyajua tangu siku ya pili?"

"Hapana. Hayo siku ya nne."

*

Ijumaa saa tatu Daktari alifika na kiti chake cha kukunja. Turubai mbili zilitandazwa chini ya mstari wa tisa, moja kila upande, zikakutana katikati kwenye vitako vya vichaka. Daktari aliutazama mstari kwa muda mrefu, kichwa upande. Vichaka vilikuwa vyembamba chini, vimejaa juu, vimenyooka. Havikuwa vya kupigwa picha.

"Mmevinyoa," alisema.

"Tumevipunguza kiuno," alisema Bi Mkasi.

Mashine ikapanda juu ya mstari. Shemeji aliendesha kwa mwendo wa mtu anayembeba mtoto aliyelala. Fimbo zilitikisa kwa upole, magamba yakafunguka na kujifunga, yakafunguka na kujifunga, na mkanda ukaanza kuwa wa buluu. Bi Mkasi alitembea kando, nusu amechutama, macho kwenye turubai. Kila beri iliyodondoka aliihesabu kwa vidole. Kufikia kichaka cha kumi alikuwa ameacha kupumua kama watu, akawa anavuta tu, bila kutoa.

Wakakunja turubai, wakapeleka kila kitu kwenye chumba cha kupakia. Kreti zilipimwa. Kilichoanguka kikapimwa. Mtaalamu alitaka beri zilizochumwa kwa mkono siku iliyotangulia zihesabiwe kama zilizopotea, kwa misingi ya kisayansi. Bi Mkasi akazibeba zile kreti mwenyewe, akaziweka mezani mbele ya Daktari, beri nzimanzima, ngumu, zenye vumbi lake la asili. "Kama hizi zimepotea, Daktari, mimi naomba nipotee nazo nyumbani." Daktari akatwaa moja, akala, akatwaa nyingine. Hazikuhesabiwa.

Mtaalamu akapiga hesabu. Akazipiga mara ya pili. Akabadilisha kalamu, akazipiga ya tatu.

"Tisa," alisema hatimaye. "Kwa mia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alisema "Alaa!" na hiyo ikatosha.

"Basi vinabaki," alisema Daktari. Alikuwa kama amenyimwa jino. "Mistari yote ikatwe hivi kabla beri za awamu ya pili hazijaiva. Mtaalamu, hongera."

"Ni matokeo ya mapendekezo ya kimuundo niliyoyatoa Jumatatu," alisema Mtaalamu, akiandika.

Bi Mkasi aliliacha lipite. Vichaka vilikuwa vimebaki, na anayetaka kuvaa sifa za watu na azivae, hata kama zinambana. Alikuwa tayari anageuka kutoka, ndipo Daktari akauliza, kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa anapiga mswaki mara ngapi:

"Kwa hiyo kama vichaka havikuwa na kosa, huyu dereva ndiye aliyekuwa anamwaga mwezi mzima?"

Shemeji alivua kofia, akaishika kifuani. Alikuwa ameshazoea, na mtu akizoea huwa hata hajui kwamba anabeba.

Ilikuwa rahisi sana. Kilichotakiwa ni Bi Mkasi kuendelea kutembea. Vichaka vilikuwa salama kwa vyovyote vile, na mlango ulikuwa hatua nne.

"Dereva hakumwaga hata punje," alisema. Alilisema akiutazama mlango, kisha akageuka akalisema upya akiwatazama watu. "Sketi ni zangu. Mimi ndiye niliyevipanua vichaka, miaka kumi na minne, kwa ajili ya wachumaji waliokwisha kuondoka. Mashine ikaagizwa, nikazidi kupanua. Magamba yalishindwa kujifunga kwa sababu yangu."

Daktari aliondoa miwani. "Kwa nini hukusema mapema?"

"Sikujua. Aliyejua alikuwa ananiogopa."

"Nani anakuogopa wewe?"

Watu ishirini na mmoja wakaanza kuangalia sakafu kwa makini, kana kwamba kuna mtu amedondosha sindano.

*

Jumamosi walianza mstari wa kumi. Ilikuwa imebaki ishirini na mitatu, na siku hazikuwa zinawasubiri. Mtaalamu alikuwa amerudi mjini kuandika taarifa ambayo, kwa habari zilizopatikana, ilipendekeza wapogoaji wapewe mafunzo, na mkufunzi awe yeye. Bi Mkasi alisema aje tu, na asije na mwavuli.

Mashine ilipumzishwa siku ile, kwa hiyo Shemeji alitumwa kuchuma mashina ya nje mbele ya mkasi. Walikwenda hivyo vichaka vitatu, vinne, yeye anachuma, Bi Mkasi anafuata anakata.

"Sasa sema," alisema Bi Mkasi ghafla, bila kuinua kichwa. "Mwezi mzima umekaa na maneno tumboni, utatupasukia hapa."

"Sina la kusema, shemeji."

"Unalo. Ukiwa nalo unachuma na majani. Tazama ndoo yako."

Shemeji akaitazama ndoo. Ilijaa majani. Akaiweka chini, akavua kofia kwa mazoea, akaifikiria kidogo, akairudisha kichwani.

"Haya," alisema. "Tuanzie mstari wa kwanza. Kichaka cha tatu, kile ulichokuwa unawaonyesha wageni."

"Kina nini?"

"Shemeji, kile siyo sketi. Kile ni hema la mkutano."

Mkasi ulisimama hewani. Wapogoaji wa mstari wa jirani wakainua vichwa, wakangoja kuona nani atakufa.

"Endelea," alisema Bi Mkasi, akakata.

Akaendelea. Alikuwa nayo yote tayari, kichaka kwa kichaka, mstari kwa mstari, hakuruka hata kimoja. Kufikia saa sita mchana maneno yake yalikuwa bado kwenye mstari wa pili.